Katika Daftari la Wadeni

Duka langu la nyama liko Kutaisi, nyuma ya kituo cha mabasi,
na chini ya mizani pana daftari lenye jalada la nailoni
ambamo huwaandika wanaokula leo na kulipa Mungu akipenda:
Mzee Gocha, mbavu za nguruwe, kilo mbili.
Mjane wa ghorofa ya tatu, mifupa ya supu, tangu Pasaka.
Na mwezi wa kumi na moja, theluji ya kwanza ikisitasita hewani,
nikalamba ncha ya penseli nikaandika:
Otari Kobalia. Maneno. Moja kwa siku.

Hakuna aliyenidai.
Mjukuu wangu Teona ana miaka minne na hasikii.
Hajasikia shoka langu likipasua paja la ng'ombe,
hajasikia hata jina nililompa mimi mwenyewe
nikalipigania wiki nzima mbele ya wakwe.
Alikuwa akija, anasimama mlangoni,
mikono yake inasema jambo, upesiupesi,
kama shomoro wanaogombea makombo,
nami nampa kipande cha soseji.
Kila alilosema, jibu langu lilikuwa soseji.

Ndipo nikakata shauri. Na kukata nakujua.
Lakini nyama ukiikata imekatika;
shauri, nimegundua, huungana tena usiku,
asubuhi unalikuta zima juu ya gogo, linakutazama,
ulikate upya.

Kila Jumatano, ngazi tisini na mbili hadi darasa la Bi Lamara.
Kina mama vijana, mwanafunzi mmoja wa udaktari,
na mimi, ninayenuka mafuta ya kondoo.
Maji. Mkate. Njoo. Unaumwa wapi?
Vidole vyangu vimezoea kushika, kusema havijui.
Nilitaka kusema bibi yako anakuja,
nikasema bibi yako ameungua.
Tena kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakipo:
msumeno wa mifupa ulikichukua, mwaka ule wa giza na mishumaa.
Yako maneno yanayokihitaji.
Nusu ya maneno, ilivyoelekea.

Februari nikaacha.
Siku tisa. Mafua, kisha uvivu, kisha aibu ya uvivu,
na aibu ni mlango unaojifunga wenyewe.
Daftari nililifudikiza.
Siku ya kumi mjane wa ghorofa ya tatu akaleta deni lake lote,
sarafu kwa sarafu, ndani ya soksi ya mtoto.
"Futa jina langu," akasema. "Nataka nione ukilifuta."
Nikafungua. Chini ya jina lake, langu.
Akasoma. Akaitazama mikono yangu. Akaondoka na soksi yake.
Usiku ule nililipa maneno kumi mbele ya kioo cha jokofu,
vichwa vya kondoo vikiwa wanafunzi wenzangu.

"Kila mtu ana lafudhi, Otari," Bi Lamara aliniambia.
"Yako ni kidole."

Jana Teona alikuja. Sikuigusa soseji.
Nikamwambia, polepole, kama mtu anayevuka barafu asiyoiamini:
Kulikuwa na mbwa mwitu. Alikuwa na njaa. Alikuja dukani kwangu.
Akauliza: Alilipa?
Nikasema: Bado.
Akacheka kile kicheko asichokisikia yeye
na kinachosikika hadi kituoni,
kisha akaanza kunisimulia yake,
na hapo nikashika ukingo wa meza,
maana kidole chake cha shahada alikuwa amekikunja,
amekificha kiganjani,
aseme kama nisemavyo mimi.

Jina langu bado limo daftarini.
Leo nadaiwa neno la kumtoa mbwa mwitu dukani:
msitu, labda. Au mlango.
Nitamuuliza Bi Lamara.